Sadaka yetu inaishia Jumatatu

(Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye semina ya wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya hapa Dar. Wengi mmeniomba niiandike, basi nimeiandika kama nilivyoiongea, msitegemee iwe imenyooka sana.)

Bwana Yesu asifiwe! Naona mmeitikia kwa nguvu kwasababu harufu ya maandazi imeshaingia humu ndani, ila mtanivumilia kidogo.

Baba Mchungaji, wazee wangu shikamooni, akina mama, viongozi wa jumuiya, na nyie vijana mliokimbilia kukaa chini ya feni, nimeambiwa niongee kuhusu kanisa na njaa, na mimi nilikuwa mtunza hazina kwa muda mrefu kwahiyo sijui kuongea bila hesabu. Toeni simu zenu, leo tunaruhusu, fungueni kikokotoo.

Tuseme usharika una watu 800 wanaokuja Jumapili. Tukubaliane kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, mpaka watoto wa Sunday school, atoe jero moja kwa wiki kwa ajili ya chakula cha wenye njaa, mbali na bahasha, mbali na ahadi, mbali na ujenzi. 800 mara 500, ngapi? Laki nne. Kila wiki. Wazee hapa mnajua kuipata laki nne ya ziada kila wiki sio mchezo, hiyo ni kampeni ya mwaka mzima na matangazo matatu kila ibada.

Haya, sasa njooni shule ya msingi. Hizi shule zetu za serikali hapa mjini, Mbagala huko, Gongo la Mboto, Chanika, shule ya watoto elfu mbili sio kitu cha kushangaza. Kikombe kimoja cha uji tukikadirie shilingi 200, unga, sukari kidogo, moto, na chochote cha mama anayekoroga. Elfu mbili mara mia mbili. Laki nne. Yani ile hela ya usharika mzima, wiki nzima, pamoja na mahubiri yote ya kuihamasisha, imeisha Jumatatu saa nne asubuhi, shule moja. Jumanne watoto wanakunywa nini? Mwaka wa masomo una siku 194, zidisheni wenyewe, inafika milioni 77 na laki sita, na hapo ni uji tu, hatujaongelea wali wala maharage.

Kuna mzee hapa mbele ameguna. Guna tu mzee wangu, ndio nilichokuwa natafuta.

Sisemi tusitoe. Nitarudi kwenye kutoa maana kuna mambo ya kuambiana. Ninachosema kanisa letu hapa Dar tunajua kutoa, tumefundishwa kutoa, ila kuuliza hatujui. Tunakuta mtu ana njaa tunampa unga, mwezi unaofuata tunampa unga tena, mwaka wa tano bado tupo nae na mfuko wa unga, na hakuna hata kamati moja iliyokaa ikauliza kwanini huyu mama, na anafanya kazi kila siku ya Mungu, bado hana unga.

Na wapo wanaosema ah, Dar hakuna njaa, njaa ni huko ukame ulipo. Njaa ya Dar haionekani kwenye picha, ndugu zangu. Njaa ya hapa inaitwa pasi ndefu. Mtu anaamka na chai ya rangi, anaunganisha mpaka jioni, jioni anakula sahani moja ya ugali na matembele, kesho hivyo hivyo, na yuko ofisini kwako anakuletea makaratasi, au ndio huyo bodaboda aliyekuleta hapa asubuhi. Njaa ya hapa inanunua unga robo, mafuta ya kupima, sukari ya kufunga kwenye kimfuko. Na anayenunua robo ndio analipa bei kubwa kuliko wewe unayebeba kiroba, ukikusanya zile robo zake za mwezi utakuta angenunua kiroba na chenji ikabaki, ila hajawahi kuishika hela ya kiroba kwa pamoja. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wahenga walisema, na Dar ndio usiseme, wanakaa nyumba moja kabisa, mmoja mwenye nyumba na mwingine chumba cha uani.

Alafu kuna hili ambalo huwa linaniumiza zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 unaonyesha watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Mnajua mkoa unaoongoza? Sio kwenye ukame. Ni Iringa, zaidi ya nusu ya watoto! Njombe na Rukwa nako ni kama nusu. Hiyo ndio mikoa inayotulisha, mahindi yanayoshuka soko la Tandale kwa malori mengi yanatoka kanda hizo. Na tukiongea ukweli Iringa na Njombe ndio kwenye makanisa hasa, kengele inasikika kila kijiji, kwaya zake tunaziimba sisi huku. Kwahiyo pale gunia lipo, na mtoto kadumaa. Mama yuko shamba tangu alfajiri, mtoto anashinda na uji wa mahindi matupu mara mbili, yai linauzwa, maziwa yanauzwa, maji sio salama mtoto anaharisha kila mara. Ukimpelekea huyo mama gunia jingine la mahindi umemsaidia nini? Hilo ni suala la nani anafundisha lishe kwenye kliniki, nani anampunguzia mama kazi akiwa mjamzito, hela za lishe za halmashauri zimekwenda wapi.

Na hizo hela zipo kwenye maandishi, wengi humu hamjui. Mwaka 2017 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe, mbele ya Mama Samia akiwa bado Makamu wa Rais, na kwenye utekelezaji wake kila halmashauri ikatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa mwaka. Buku! Buku moja, kwa mtoto, kwa mwaka mzima. Mwaka 2022 mkataba ukasainiwa upya, safari hii yeye akiwa Rais. Sasa mimi nauliza, na sio swali la siasa ni swali la mtunza hazina, ile buku ya mtoto wa kata yako ilitengwa? Ikitengwa, ilitoka? Maana kutenga na kutoa ni vitu viwili, hata hapa usharikani tunatenga vingi tu mbinguni wanajua. Na ikitoka, ilinunua nini, ni matibabu ya watoto wenye utapiamlo au ni posho za kikao cha kujadili utapiamlo? Nani humu ameshawahi kumuuliza diwani wake hivyo? Nyoosheni mikono. Haya, shusheni ambayo hamkunyoosha.

Wapo mnaojisikia vibaya sasa hivi, mnasema huyu mama anatuingiza kwenye siasa. Tufungue Matendo sura ya 6. Kanisa changa kabisa, hata halijamaliza kupanga viti, malalamiko yanatokea kwamba wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahauliwa kwenye ugawaji wa chakula wa kila siku. Angalieni mitume walichofanya. Hawakuwaambia wajane muwe na subira, wala hawakupitisha kapu la haraka haraka wawanyamazishe. Walikubali kwamba mgao una kasoro, wakaita mkutano, wakachagua watu saba wa kusimamia, na majina yao yameandikwa mpaka leo. Waliutengeneza utaratibu. Na Nehemia sura ya 5 ndio kabisa, watu wanapiga kelele kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba zao wapate nafaka kwasababu ya njaa, na wanaowakopesha ni ndugu zao wenyewe. Nehemia akakasirika, akafikiri kwanza (hiyo sehemu naipenda, alifikiri kwanza), alafu akawaita wakubwa hadharani akawaambia rudisheni. Ukiisoma ile sura huku unaishi Dar unajua anaongelea kausha damu, hii mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Akina mama wangapi wa jumuiya zetu wanakopa kausha damu, na sio mtaji wa biashara, ni hela ya kula, na wiki inayofuata anakopa nyingine alipe ile ya kwanza, friji imeenda, godoro limeenda. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inataka mkopeshaji awe na leseni. Kanisa likiuliza "leseni yako iko wapi" limefanya kosa gani?

Tena sio jambo geni. Kuna mchungaji wa Kilutheri Marekani, Arthur Simon, alikuwa na usharika mtaa wa maskini kule New York. Kazi yake ilikuwa kama ya diakonia yetu, mtu anakuja hana chakula anasaidiwa, kesho anakuja mwingine. Akaona haiishi. Mwanzoni mwa miaka ya 70 akakusanya wenzake, Wakatoliki na Waprotestanti, wakaanzisha chama kinaitwa Bread for the World, na walichokiongeza kwenye ibada ni kitu kidogo tu, barua. Siku ya sadaka, pamoja na hela, waumini wanaweka kikapuni barua walizomwandikia mbunge wao kwa mkono, kuhusu sheria fulani ya chakula au bajeti fulani, wanaziombea, alafu zinapelekwa. Sadaka ya barua. Mpaka leo wanafanya.

Na kama mnadhani hayo ni ya Wazungu hayatuhusu, nawakumbusha yubile. Miaka ya 90 nchi yetu ilikuwa imekabwa na madeni, hela ambayo ingejenga madarasa inalipa riba. Makanisa ya huko nje, hasa Uingereza, yakachukua Walawi 25 yakaanzisha kampeni ya Jubilee 2000, kutaka nchi maskini zifutiwe madeni, watu wakasaini karatasi duniani kote, na Mei 1998 watu kama elfu 70 wakaenda Birmingham walipokutana wakubwa wa G8 wakashikana mikono kuzunguka mji. Wengi ni wazee wa kanisa kama nyie, na makoti yao na chai kwenye chupa. Mwaka 2001 Tanzania ikafikia hatua ya kupunguziwa deni kubwa, ada ya shule ya msingi ikafutwa, na mwaka uliofuata MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, ukaanza, darasa la kwanza likafurika mpaka watoto wanakaa chini. Humu ndani kuna waliosoma kwasababu hiyo, tusidanganyane, nyie mliozaliwa kati ya 93 na 95 ndio wenyewe. Sasa niambieni, ni sadaka gani ya nguo za mtumba kutoka Uingereza ingeweza kuingiza watoto wote wale shuleni?

Na hapa hapa kwetu, mwaka 2012 kamati ya pamoja ya TEC (maaskofu Wakatoliki), CCT (Jumuiya ya Kikristo) na BAKWATA (baraza la Waislamu) ilitoa ripoti kuuliza nchi inapoteza kodi kiasi gani kila mwaka. Maaskofu na masheikh, na kikokotoo. Walivyotoa ile ripoti hakuna aliyekosa mbingu.

Sa hivi mambo yamebadilika zaidi. Mwaka 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani, ilifungwa, na mnajua wenyewe miradi mingapi ilikuwa inategemea mfuko ule, mingine ya lishe kabisa. Wenzetu wa Bread for the World wanaendelea na barua zao na tuwaombee, ila sisi tusikae kusubiri barua ya mtu wa Chicago imletee mtoto wa Vingunguti uji, wakati ofisi ya kata ni dakika kumi kwa mguu. Duniani kote watu milioni 673 walikuwa na njaa mwaka 2024 kwa hesabu za mashirika ya Umoja wa Mataifa, na Afrika ni zaidi ya mmoja kati ya watano. Namba kubwa hivyo inamfanya mtu aone haimuhusu, ndio maana nimeanza na kikombe cha uji.

Turudi kwenye kutoa, kama nilivyoahidi, na hapa msinikasirikie.

Kwanza sikukuu ya Mavuno. Mavuno ya mjini tumeyageuza mnada. Naupenda mnada jamani, mimi mwenyewe napandisha dau, kuku mmoja anauzwa mara nne, mtu analipa anasema namtoa tena kwa Bwana, kuku amechoka kuliko muumini. Lakini hela ya kuku inakwenda wapi? Vigae. Spika. Bajeti zetu za usharika nyingi ukizifungua fungu la diakonia liko chini kabisa, baada ya mafuta ya jenereta, na mara nyingi ndio la kwanza kukatwa. Ombi langu ni moja tu, chakula kiwe na fungu lake linalosomwa kwenye matangazo kama linavyosomwa la ujenzi: kimeingia kiasi hiki, kimetoka kiasi hiki.

Pili, hii tabia ya Krismasi. Desemba tunagawa viroba, tunapiga picha, bibi wa watu kashikishwa mchele anaambiwa bibi cheka kidogo, picha inaingia WhatsApp ya grupu la kwaya. Mjukuu wake yuko kwenye hilo grupu! Acheni. Januari ndio mwezi mgumu, ada, sare, kodi ya nyumba, na Januari kanisa liko kimya. Peleka Januari, na peleka usiku kama ikibidi, mjumbe wa jumuiya anajua mlango.

Tatu, tusitoe kibovu. Mahindi yaliyoingia unyevu ukaona fangasi, huli wewe, humpi mtu. Sumukuvu, yani sumu ya hao fangasi, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, haiondoki kwa kupika wala kwa maombi.

Na nne, hili akina mama wa jumuiya moja tayari wanafanya na ndio nalipenda kuliko yote. Wanachanga kidogo kidogo kila wiki, mwisho wa mwezi wawili wanakwenda Tandale wananunua gunia na maharage kwa bei ya jumla, wanagawana kwa kilo kadiri ya mchango, na kila gunia linatoa kilo kadhaa za yule ambaye mwezi huo hakuweza kuchanga. Hakuna anayejua ni nani isipokuwa mwekahazina. Mwezi unaofuata anachanga yeye na anakosa mwingine. Hapo hakuna wafadhili na hakuna maskini, kuna zamu.

Sasa kuuliza kunafanyikaje. Msianze na Dodoma. Bajeti ya kilimo ya taifa imepanda kutoka bilioni 294 mwaka 2021/22 mpaka zaidi ya trilioni 1.2 mwaka 2024/25, ni vizuri, na viongozi wa Afrika waliahidi Maputo mwaka 2003 asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, kuna watu wa kufuatilia hayo kule CCT na TEC tuwaunge mkono. Sisi tuanze na mtaa. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, ila ukienda Juni umechelewa, halmashauri inapanga bajeti tangu mwisho wa mwaka uliopita na madiwani wanaijadili mwanzoni mwa mwaka. Kwahiyo Novemba ndio ya kwenda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Nendeni watano, sio hamsini. Mmoja awe mwalimu, mmoja mama wa kliniki, na mmoja awe sheikh au mtu wa msikiti wa jirani, huyo msimwache, maana njaa ya Mbagala haina dini na wenzetu kwenye zaka na futari wametuzidi mpangilio. Mkifika pamoja hakuna atakayesema ni kanisa linatafuta lake.

Maswali yawe mawili tu. Ile buku ya mtoto, na uji wa shule. Uji wa shule kwa sasa unategemea michango ya wazazi, na mnajua kinachotokea, mtoto wa aliyechangia anakunywa na mtoto wa asiyechangia anaangalia, saa nne ile, darasa moja. Muulizeni diwani halmashauri inaweza kuwabeba hao wasioweza, na nyie mseme kanisa na msikiti tutabeba sehemu gani. Hapo ndio ile laki nne yetu inapata kazi, haibebi shule nzima, inabeba wale mia waliokuwa wanaangalia. Mia mara mia mbili ni elfu ishirini kwa siku, laki moja kwa wiki, na laki tatu inabaki.

Na TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wajane wetu. Orodha ya kaya maskini inapitishwa kwenye mkutano wa mtaa, bibi hasikii vizuri hakwenda, jina halipo. Mzee wa kanisa kazi yako siku hiyo ni kumshika mkono bibi mkae wote kwenye benchi mpaka jina lisomwe.

Nilivyomaliza yalikuja maswali, nayaandika mawili. Mzee mmoja aliuliza kama mchungaji akihamishwa na mpya asipende mambo haya itakuwaje. Nikamwambia hiyo kamati isiwe ya mchungaji, iwe ya baraza la wazee na iwe kwenye muhtasari, mchungaji mpya aikute kama alivyoikuta kwaya. Na kijana mmoja akauliza, tukienda diwani akatujibu hela hazijaletwa? Basi mwombe akuonyeshe barua ya kuziomba, iliandikwa tarehe ngapi, muipige picha, na mwezi unaofuata mrudi walewale watano, na sheikh wenu.